Familia ya Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi

Wiki nne zimebaki. Miaka thelathini na moja ya kuwafundisha watu wazima Kiingereza, halafu basi – tarehe 31 narudisha ufunguo wa chumba namba tano na kwenda zangu. Leo Mkuu wa kituo kaniuliza napenda keki ya rangi gani. Rangi! Nimemwambia yoyote, mradi isiwe na picha yangu.

Darasa la saa kumi lina wageni wawili, kwa hiyo familia imepanda ubaoni upya. Chaki ya bluu, kama siku zote. Mume wangu ni seremala. Kila siku anarudi nyumbani saa kumi na mbili jioni, ananawa mikono, anauliza kama kuna chai. Tuna mabinti wawili, mmoja anapenda hesabu, mwingine anapenda kuimba. Wakasema wote kwa pamoja, kwa Kiingereza, na walipofika kwenye mabinti wakanyanyua vidole viwili juu. Ndiyo desturi ya chumba chetu. Vidole husaidia pale ulimi unapokuwa mzito.

Mgeni mmoja, dada anayesomea uhandisi, katoka nchi ya mbali, akauliza kwa nini asieleze familia yake mwenyewe. Wa zamani wote wakageuka kunitazama. Nikamjibu ninavyojibu siku zote: humu ndani familia ni moja, ya kuazima, na haimuumizi mtu. Mzee Samahani – huyu hafungui mdomo bila kuomba samahani kwanza – akamwambia samahani, binti, ni afadhali hivyo, utakuja kuona.

Sheria hiyo niliiweka miaka kumi na minne iliyopita. Nilimuuliza mama mmoja mbele ya wenzake ana watoto wangapi. Swali la ukurasa wa tatu wa kitabu! Alinyanyua vidole vinne. Halafu akaanza kuvikunja, kimoja kimoja, mpaka mkono ukawa ngumi. Hakurudi tena darasani. Wiki iliyofuata nikaandika familia yangu ubaoni, nikasema tumieni hii.

Pindo hakuja leo. Asubuhi alikuwa na mahojiano ofisi ya viza. Ni mshonaji, na jina hilo kapewa na wenzake kwa sababu hawezi kuona pindo limefumuka akanyamaza – mwaka jana alinishonea sketi nikiwa nimesimama, chaki mkononi. Mume wake alikwenda ng'ambo miaka sita iliyopita na mtoto wao, yeye akabaki kumuuguza mama yake. Mama alifariki mwaka jana. Sasa anaomba kuwafuata. Moyo wangu umetulia. Sina mwanafunzi aliyejiandaa kama yeye.

Jumatano, 5 Machi

Pindo kaja anameremeta. Shikamoo Mwalimu ilisikika tangu kwenye ngazi. Anasema hakukwama hata mara moja! Afisa alikuwa anauliza haraka haraka na yeye anajibu haraka haraka, kama darasani vile. Wenzake wakampigia makofi. Na mimi nikapiga, mpaka viganja vikaniwasha. Nilijisemea: huyu ndiye wa kufungia kazi.

Jumatano, 12 Machi

Jamani.

Pindo alinisubiri kwenye korido kabla ya kipindi, barua mkononi. Alikuwa ameisoma lakini alitaka niisome na mimi, labda ameelewa vibaya. Hakuelewa vibaya.

Wanasema maelezo yake ya mdomo hayalingani na fomu. Fomu inasema mume ni mpishi wa hoteli. Yeye kasema seremala. Fomu inasema mtoto mmoja. Yeye kasema mabinti wawili. Katika miaka miwili, waombaji wengine wawili waliotoka kituo hikihiki nao walikuwa na mume seremala anayerudi saa kumi na mbili. Ofisi ina shaka amekaririshwa majibu, na ina shaka kama mtoto ni wake kweli. Amepewa siku kumi na nne ajieleze. Asipojieleza faili linafungwa.

Nilimuuliza ilikuwaje. Anasema afisa alimwambia tu: nieleze kuhusu familia yako. Basi. Mdomo ukafunguka wenyewe, ukamwaga ubao mzima, tangu seremala mpaka chai. Na vidole je? Akaniangalia. Na vidole pia, Mwalimu, nilinyanyua viwili! Akacheka, halafu kicheko kikageuka, nikamshika mabega tukasimama hivyo mpaka watu wa saa kumi walipoanza kupanda ngazi.

Ni mimi. Nisizunguke. Mwaka mzima huyu mama kasema Kiingereza juu ya mtoto wangu, hata siku moja hajasema Kiingereza juu ya mtoto wake. Nilidhani namfunika, kumbe nilikuwa namziba mdomo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefundisha ovyo. Nimemfokea dada wa uhandisi kwa kosa dogo, halafu nikamwomba radhi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu. Nilimfundisha mwenyewe huyu, dawati la pili kulia, alikuwa anatafuna vifuniko vya kalamu. Leo anakalia kiti cha kuzunguka na mimi namwita Mkuu, na yeye bado ananiita Mwalimu, tunaheshimiana.

Nikamwambia nitaandika tamko: majibu yale ni mazoezi yangu, mimi ndiye niliyeyatunga, Pindo hakudanganya.

Akasema nikiandika hivyo watasoma neno moja tu – kukaririsha. Watatufutia kibali cha kuwapeleka watu kwenye mtihani. Wanafunzi mia na ishirini, Mwalimu, waende wapi? Si afadhali tuandike alichanganyikiwa kwa hofu? Barua fupi, muhuri wa kituo, mambo kwisha.

Nikamwambia hakuchanganyikiwa. Alijibu kama nilivyomfundisha, tena vizuri kuliko wote. Na wale wawili wa kabla yake, nao walichanganyikiwa kwa hofu ileile, seremala yuleyule?

Akashusha pumzi. Andika, lakini kwa jina lako. Muhuri siutoi.

Simlaumu. Mia na ishirini si mchezo. Lakini nilitoka mle bila kuaga. Hivi kweli niharibiwe jina wiki mbili kabla ya keki? Nimejiuliza hilo, siwezi kujificha humu. Nimejiuliza mara mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu kaja na kompyuta yake. Yeye anafanya kazi zahanati, anachapa haraka kuliko ninavyosema. Tulikaa mezani, mimi nasoma kwenye daftari, yeye anachapa na kunitania kwamba Kiingereza changu kimevaa tai.

Tulipofika kwenye ile familia akaacha kuchapa.

"Mama. Baba anarudi saa kumi na mbili?"

Nikamwambia ndiyo. Darasani.

"Tangu lini?"

Tangu alipokuwa hai. Nilimwandika akiwa hai, alikuwa anacheka nikimsimulia, anasema kumbe na mimi nafundisha Kiingereza. Alipofariki nilikaa mwezi mzima bila kwenda kazini. Siku niliyorudi mwanafunzi wa kwanza akasimama akasema mume wangu ni seremala, anarudi saa kumi na mbili. Nilikuwa na kifutio mkononi. Sikuweza. Nikasema vizuri sana, mwingine. Imekuwa miaka tisa hiyo.

Binti akatazama skrini. "Na huyu mdogo wangu anayependa kuimba katoka wapi?"

Nikamwambia nilimzua, mtoto mmoja alikuwa hatoshi kwa mazoezi. Tukacheka wote wawili, tukacheka sana, nikadhani tumepona.

Hatukupona. Alifunga kompyuta taratibu. Akasema humu nyumbani karakana ya baba imefungwa miaka tisa. Nikimtaja unaniuliza kama nimekula. Siku ya kumbukumbu yake unakwenda kununua sabuni! Nikajua basi, Mama hawezi, nisimtoneshe kidonda. Nimemlilia baba yangu bafuni ili usisikie. Kumbe huko kazini unamtaja kila wiki, na watu baki, kwa sauti, mnaitikia kama kwaya!

Nikasema mwanangu. Nikamsogezea kikombe cha chai.

Kaondoka bila kunywa chai. Kompyuta kaenda nayo.

Jumapili, 16 Machi

Karakana. Nimesimama mlangoni na ufunguo, nimerudi ndani. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumatatu, 17 Machi

Bahasha chini ya mlango wa ofisi ya walimu. Binti kachapa tamko lote, kurasa mbili, safi. Hakuna salamu. Sehemu moja tu kaibadilisha bila kuniuliza. Mimi niliandika familia hii ni ya mazoezi. Yeye kachapa: mume anayetajwa ni marehemu mume wangu, aliyefariki miaka tisa iliyopita.

Nimelisoma hilo neno marehemu nimesimama. Nikakaa nikalisoma tena. Sijawahi kuliandika, hata kwenye daftari hili. Ni kweli, nimepekua.

Nimetia sahihi.

Jumanne, 18 Machi

Tumelipeleka pamoja, mimi na Pindo. Karani wa dirishani kagonga muhuri wa kupokea bila hata kututazama.

Baadaye tukakaa chumba namba tano, wawili tu. Nikafuta ubao wote. Nikamwambia leo hakuna wa kuazima, nieleze binti yako kwa Kiingereza. Akameza mate. Akasema binti yangu anapenda hesabu. Nikamuuliza, anapenda kweli? Akasema hajui. Alipoondoka alikuwa na miaka saba, alikuwa hata kuzidisha bado.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelikataza darasani miaka yote. Nikamwambia sema kwa Kiswahili. Loo! Yakatoka kama bomba limepasuka. Binti anauma kucha. Anapenda ule ukingo wa mkate ulioungua, ule ambao watu wengine wanautupa. Anaogopa lifti. Siku ya safari alimshonea koti la sufu, jekundu, akaacha pindo pana ajabu, karibu shibiri nzima, mikono na chini, akamfundisha baba yake kulishusha kila mwaka kadiri mtoto anavyorefuka. Mwanamume mpishi, hajui hata kutunga uzi! Lakini alijifunza. Kila mwaka anatuma picha ya koti.

Mwaka huu hakutuma. Pindo limekwisha, Mwalimu. Hakuna tena cha kushusha.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Alitoa kitambaa mfukoni akanipa, nikamwambia sasa haya yote tunayahamisha kwenda Kiingereza, neno kwa neno, hata ikituchukua mwezi. Akauliza kama tuna mwezi. Hatuna.

Alhamisi, 20 Machi

Koti anaweza. Mkate anaweza. Akifika kwenye binti mmoja, mkono unanyanyuka wenyewe, vidole viwili. Nimemwambia aukalie mkono. Kaukalia, akagugumia. Tumejaribu mara kumi na moja. Nimekaza sauti kuliko nilivyopaswa.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimewaambia darasa zima. Niliogopa watanicheka, au watakasirika, maana waliobeba hii familia mpaka kwenye mahojiano si Pindo peke yake. Nikasema: seremala wa ubaoni alikuwa mume wangu, na amekufa. Miaka tisa sasa. Binti ninaye mmoja. Kuanzia leo kila mtu atasema ya kwake, asiyetaka atakaa kimya na hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Halafu Mzee Samahani akasimama. Akafuata dada wa uhandisi, kisha wengine, viti vikakwaruza sakafu, wote kumi na sita wamesimama. Hakuna aliyewaambia. Mzee Samahani akasema – na safari hii bila samahani – pole sana Mwalimu, tumekaa naye muda mrefu yule bwana, kwetu sisi amefariki leo.

Nilijikaza kisabuni. Nikashindwa. Nilishika meza.

Pindo alikuwa nyuma kabisa. Kipindi kilipokwisha alikuja ubaoni, akachukua kifutio mkononi mwangu akakirudisha kwenye kishubaka chake.

Jumatatu, 24 Machi

Wamepiga simu! Alhamisi saa tatu asubuhi, mwombaji na mwalimu, wote wawili. Mkuu kaja mwenyewe mpaka chumba namba tano kunieleza, akasimama anazungusha kifuniko cha kalamu. Anasema kibali kipo mashakani, wameomba daftari langu la masomo, amewapa. Halafu akasema, kwa sauti ya yule wa dawati la pili: Mwalimu, mimi pia nilikuwa nikimwona. Yule seremala. Nilikuwa nikimwona kabisa, na mikono yake.

Nimempigia binti yangu. Hakupokea. Nimemwachia ujumbe: Alhamisi naulizwa habari za baba yako. Niombee.

Jumatano, 26 Machi

Binti kaja saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili kamili, sijui kama alikusudia. Hakukaa. Akanyoosha mkono: nipe ufunguo, Mama.

Tumefungua karakana. Vumbi mpaka kwenye pua. Randa iko pale alipoiacha, na mguu wa kiti ambao hakuumalizia. Binti akaupulizia, akaupapasa, akauliza kilikuwa kiti cha nani. Nikamwambia kilikuwa changu, cha kukalia darasani, maana alikuwa ananihurumia kusimama. Nikamweleza na mengine. Nimeongea saa nzima, koo limekauka. Yeye alikuwa anauliza tu, halafu? Halafu?

Alipokuwa anatoka kasema bado amekasirika, nisidhani. Nimemwambia nisingedhani.

Alhamisi, 27 Machi

Naandikia kwenye benchi, korido ya ofisi ya viza.

Mimi nimeshaingia. Afisa ni mtu wa makamo, miwani imeshuka puani, mbele yake fomu, tamko langu na daftari la masomo. Si mkali. Afadhali angekuwa mkali. Kauliza kwa Kiingereza, kama anavyouliza kila mtu: nieleze kuhusu familia yako.

Miaka thelathini na moja nafundisha kulijibu hilo swali! Nikafungua mdomo, na nilimsikia anakuja, saa kumi na mbili, mikono, chai. Nikaumeza. Nikasema: mume wangu amefariki. Alikuwa seremala. Nina binti mmoja. Hivyo tu. Nilichukua muda mrefu sana kusema hayo matatu, mpaka afisa akanisogezea glasi ya maji.

Kauliza kama najua nimemponza mwombaji. Nikasema najua. Kauliza kama nafahamu kituo kinaweza kufungiwa kwa ajili yangu. Nikasema nafahamu, nikasema nastaafu Jumatatu, kama kuna adhabu waniletee mimi nyumbani. Hakutabasamu. Kaandika. Akaniambia nikasubiri nje, nimwite mwenzangu.

Pindo kanipita mlangoni. Mkono wake baridi. Kaniuliza kwa kunong'ona, nikisahau je? Nikamwambia ukisahau, usinitafute mimi. Mtafute yeye, binti yako.

Mlango una kioo. Sauti haitoki. Namwona mgongo wake, na afisa ameinama kwenye karatasi. Wamesalimiana. Karani anapita na chai, ananiziba. Amepita.

Sasa ameulizwa, najua kwa jinsi mabega yalivyopanda. Amekaa. Amekaa tu. Mungu wangu, sema. Sema chochote.

Mkono unanyanyuka. Yesu na Maria, mkono unanyanyuka.

Kidole kimoja.

Kimoja! Lakini afisa hajaona, anaandika, hajainua hata kichwa. Pindo hajaushusha. Ameuacha hapohapo juu, na sasa ameinama, ameshika pindo la gauni lake kwa mkono wa pili, anampimia shibiri. Anamwonyesha koti. Hilo halikuwa kwenye mazoezi. Anaonyesha lilivyokuwa, anashusha, anashusha tena, mpaka mwisho wa kitambaa.

Afisa ameweka kalamu chini. Sijui ni kwa heri au kwa shari. Pindo bado anaongea.